Shimo la Matofali

Nyumba ya marehemu baba yangu iko katika kijiji kimoja cha wilaya ya Misungwi, kusini ya mji wa Mwanza, mahali ambapo mtu akipanda juu ya majabali huiona ghuba ya ziwa ikimeta upande wa magharibi. Ilijengwa mwaka 1984 kwa matofali ya kuchoma, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika kitongoji chetu. Kabla ya hapo tulilala katika msonge wa udongo ulioezekwa kwa nyasi. Watu walikuja kuitazama nyumba mpya. Waligonga kuta zake kwa vifundo vya vidole, wakayasifu mabati yake, wakampa baba mkono. Sikumbuki hata mmoja aliyezunguka nyuma ya nyumba kulitazama shimo.

Ni habari za shimo lile ninazotaka kuzinena. Kila tofali lililopanda juu ya ukuta liliacha pengo la ukubwa wake katika ardhi, na mapengo hayo yote yalipokusanyika yalikuwa shimo la hatua kumi na tano kwa hatua tisa, lenye kina cha kifua cha mtu mzima. Mvua za vuli zilipokuja lilijaa, na tangu siku hiyo halikukauka kabisa ila katika miaka ya ukame mkali. Sisi watoto tulilifurahia mno. Mama alichota humo maji ya kumwagilia mchicha, bata walielea, ng'ombe walikunywa ukingoni wakaacha alama za kwato zao katika tope, na kila alama ikawa kikombe cha maji. Mtu mmoja tu katika nyumba yetu ndiye aliyelichukia, naye ni bibi, mzaa baba. Siku moja alisimama ukingoni, akashika kiuno, akamwambia baba, "Ziwa liko kule, Mungu ameliweka mbali na mlango wangu. Wewe kwa nini umelileta hapa?" Baba alicheka, akamjibu kwa adabu kwamba maji ni neema.

Katika mwezi wa Juni mwaka 1987, masika yakiwa yamekwisha na majani bado mabichi, mdogo wangu wa kike alishikwa na homa. Alikuwa na umri wa miaka mitatu. Jioni ya kwanza mwili wake ulikuwa moto, asubuhi alicheza, jioni ya pili homa ilirudi, na usiku wa tatu mwili ulikakamaa na macho yakapinduka juu. Bibi alitamka neno ambalo kila mzazi wa nchi hii alilijua na kuliogopa: degedege. Watu wengi waliamini wakati ule, na wengine waamini hata sasa, kwamba degedege huletwa na ndege apitaye usiku juu ya mtoto, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Basi mdogo wangu alifukizwa moshi, akapakwa dawa ya majani, na siku moja na usiku mmoja vikapita. Ndipo baba alipomchukua mama na mtoto juu ya baiskeli. Zahanati waliyoifikia haikuwa na dawa siku ile. Wakashika njia kwenda mbele zaidi, na katika njia hiyo mtoto alifariki, mama akiwa amempakata, baba akikanyaga baiskeli pasipo kujua kwamba mzigo wake umekwisha kuwa mwepesi.

Sina lawama kwa bibi yangu. Alisema kwamba kiumbe mwenye mabawa alipita usiku akamgusa mtoto aliyelala, na katika hayo yote alikosea jambo moja tu, nalo ni ukubwa wa kiumbe. Tena yeye peke yake ndiye aliyelituhumu shimo. Lakini shimo na ndege vilikuwa katika pembe mbili za fikira zake, wala hakuwapo mtu wa kumwonyesha kwamba ndege yule hutaga mayai katika shimo lile.

Waombolezaji walijaa uani. Katika desturi yetu wanawake hukaa ndani na barazani pamoja na mfiwa, na wanaume hulala nje wakiuzunguka moto, kwa siku kadha wa kadha. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nikapewa nafasi juu ya mkeka katikati ya wajomba zangu. Nakumbuka sauti mbili za usiku ule: kilio cha mama kutoka ndani, na mlio mwembamba wa mbu katika sikio langu. Watu walijipiga makofi shingoni na mapajani, wakaendelea na mazungumzo yao kwa sauti ya chini. Hatua thelathini kutoka pale tulipolala palikuwa na shimo. Wiki mbili baadaye watu watatu waliolala katika matanga yale walikuwa wagonjwa wa homa, nami nilikuwa mmoja wao. Hapana aliyeona ajabu. Homa ilikuwa kama umande. Kila aliyepita majanini alilowa.

Miaka sita ilipita kabla sijaweza kuviunganisha vitu hivi. Katika shule ya sekondari mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alileta darasani chupa mbili za maji. Katika chupa ya kwanza viluwiluwi vilining'inia chini ya uso wa maji vikiwa vimeinamisha vichwa; hao, alisema, ni wa mbu wa kawaida, wanaotusumbua kwa kelele. Katika chupa ya pili vililala sawasawa na uso wa maji kama kope zilizoanguka. Hao ni wa anofelesi, mbu wa malaria. Nilisimama nikavitazama kwa muda mrefu. Nilivijua. Nilikuwa nimevichota kwa viganja mara nyingi katika shimo letu, nikavihesabu, nikashindana na mdogo wangu nani amepata vingi.

Mwalimu alitusimulia kwamba tarehe 20 Agosti mwaka 1897, katika mji wa Secunderabad nchini India, daktari wa jeshi la Waingereza aitwaye Ronald Ross alipasua tumbo la mbu akaona ndani yake vijidudu vya malaria. Na kwamba mwaka uliofuata Mtaliano Giovanni Battista Grassi na wenzake wakathibitisha kuwa anofelesi jike ndiye anayewaambukiza wanadamu. Nilipiga hesabu: tangu ugunduzi ule hata kifo cha mdogo wangu ilikuwa miaka tisini kasoro miezi miwili. Elimu ilikuwa imekwenda mwendo mrefu duniani, lakini haikuwa imefika katika uani wetu.

Mgeni afikapo Mwanza hulituhumu ziwa. Huliona kubwa, husikia kwamba mwambao wake wote una malaria, akafanya haraka kutoa hukumu. Na siku nyingine huona juu ya maji kitu kama moshi mweusi unaosimama wima hata mawinguni, akaambiwa kwamba ni wadudu. Basi moyo wake huzimia. Kumbe wadudu hao wanaopanda kutoka ziwani kwa mamilioni, ijapokuwa sura yao inafanana na ya mbu, hawaumi mtu wala hawana malaria. Huingia chakulani, huzima taa kwa wingi wao, na asubuhi hufagiliwa kama makapi. Ubaya wao waishia hapo. Maji ya ziwa yenye kina, yenye mawimbi na yenye samaki, hayamfai anofelesi. Wale wa jamii ya gambiae hupenda maji madogo yanayopigwa na jua, ambayo leo yako na kesho hayako: dimbwi la njiani, shimo la udongo, alama ya ukwato wa ng'ombe. Wale waitwao funestus hupenda maji yanayodumu yenye majani: bwawa, kinamasi, pembe za majaruba ya mpunga. Ziwa huwa mshirika wao pale kandoni tu, hasa linapobadilika. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda kwa kiasi cha mita mbili na nusu, na mwaka 2020 yalipanda tena hata yakaingia katika nyumba za watu wa mwambao. Na kila maji yanaporudi nyuma huacha vidimbwi. Magugu maji nayo, yaliyoanza kuonekana ziwani karibu na mwaka 1990, yakisongamana pwani hutuliza mawimbi na kuwapa viluwiluwi kivuli na makimbilio. Lakini mimi niliyekulia pale naona kwamba sehemu kubwa ya maji yanayotuua ni yale tuliyoyatengeneza wenyewe kwa jembe, tena kwa shughuli ya halali.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama vita vya malaria vipiganwe katika maji au katika kuta. Ross alikuwa mtu wa maji: kausha, fukia, mwaga mafuta, na mbu watakosa pa kuzalia. Katikati ya karne iliyopita Mwingereza George Macdonald alileta hesabu nyingine, nami nakiri kwamba nilipoisoma Chuo Kikuu ilinishangaza kwa uzuri wake. Kijidudu cha malaria kikiingia katika mbu huhitaji kiasi cha siku kumi au zaidi kukomaa kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu wengi hufa kabla ya muda huo. Kwa hiyo mbu wa hatari ni mbu mzee, na wazee ni wachache. Anayepunguza idadi ya mbu kwa nusu amepunguza hatari kwa nusu. Lakini anayepunguza umri wao ameikata hatari kwa kiasi kikubwa sana, kwa kuwa hawafikii uzee. Na kwa vile mbu akisha kunywa damu hutua ukutani kupumzika, ukuta wenye dawa ndio mtego wake.

Dawa ilikuwapo. DDT, ambayo nguvu zake juu ya wadudu ziligunduliwa na Mswisi Paul Müller, ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani liliazimu kuifuta malaria katika ulimwengu, lakini sehemu kubwa ya Afrika iliwekwa kando ya azimio hilo tangu mwanzo, na mwaka 1969 azimio lenyewe likaachwa. Huku kwetu palifanywa jaribio kubwa katika nchi ya Pare na Taveta, kuanzia mwaka 1955 hata 1959, kwa kupaka kuta za nyumba dawa iitwayo dieldrini. Malaria ilipungua sana, walakini haikwisha. Na upakaji ulipokoma ikarudi kidogo kidogo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwaka 1998, nilirudi nyumbani likizoni nikiwa na hesabu hii kichwani na kiburi kidogo moyoni. Nilimwamkia baba, tukala, kisha nikamwomba tulifukie shimo. Nilimweleza yote: yai, kiluwiluwi, siku kumi, mbu mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima hata kwa watoto wake.

"Uliingia sekondari mwaka gani?" aliniuliza.

"Mwaka 1991, baba."

"Ada ulilipiwa na nani?"

"Na wewe, baba."

"Kwa fedha gani?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa mbele yetu likimeta. Kila kiangazi maji yalipopungua baba aliingia shimoni na vijana wawili, akafyatua matofali, akapanga tanuri, akachoma, akauza. Majirani walioisifu nyumba yetu walitaka nyumba kama yake, na matofali ya nyumba zao yalitoka katika shimo letu, hata shimo likawa mara mbili ya lilivyokuwa mdogo wangu alipofariki.

"Pamba," alisema baba, "niliuza nikangoja malipo mpaka nikasahau niliuza lini. Shimo hili halikunikopa hata siku moja. Wewe umesoma kwa shimo hili. Tena niambie, mwanangu: udongo wa kulifukia tutautoa wapi? Tutachimba shimo jingine?"

Hakusema kwa hasira. Baadaye kidogo aliongeza, akiwa ametazama upande mwingine, "Usidhani simkumbuki." Hakuna aliyemtaja mtoto jina. Hesabu ya Macdonald niliijua. Hesabu hii ya baba nilikuwa sijafundishwa.

Tulipatana jambo la katikati. Nilinunua vifaranga vya perege tukavitia shimoni vile viluwiluwi, na kwa miezi michache uso wa maji ulikuwa safi. Kisha watoto wa jirani waligundua kwamba shimo lina samaki, wakawavua wakawala. Siwezi kuwalaumu. Mtoto mwenye ndoana hawezi kujua kwamba anamwokoa mbu.

Tangu wakati ule mambo mengi yametendeka, na yasiyo haki ni kuyasahau. Klorokwini, ile dawa chungu ya utoto wetu iliyokuwa imeshindwa na vijidudu, iliachwa mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Mwaka 2004 wajawazito walianza kupewa Hati Punguzo wapate kununua vyandarua kwa bei nafuu, na baadaye vyandarua vikagawiwa nyumba kwa nyumba bila malipo. Kuanzia mwaka 2007 wapulizaji wa dawa ukoko waliingia Muleba, na katika miaka iliyofuata wakaenea katika mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa. Katika uchunguzi wa nchi uliofanywa mwaka 2007 na 2008, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa na malaria. Mwaka 2017 walikuwa 7, na mwaka 2022 walikuwa 8. Kila mmoja katika hao waliopungua ana nyumba yao na mama yake. Asiyefurahi kwa hayo hajapata kulala katika matanga ya mtoto.

Lakini mbu naye husoma. Vyandarua vyote vya kwanza vilitiwa dawa za jamii moja, pairethroidi, na jamii hiyo hiyo hutumika mashambani. Mbu waliosalimika walizaa mbu wa kusalimika. Ikawa katika Kanda ya Ziwa mbu hutua juu ya chandarua chenye dawa, akajisafisha miguu, akangoja mkono wa mlalaji uguse wavu.

Hapa naingia katika habari inayonigusa, kwa sababu jaribio lililoleta njia mpya lilifanyika katika wilaya hiyo hiyo nilikozaliwa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo chake mjini Mwanza. Nayo pamoja na washirika wa Moshi, London na Ottawa iligawa Misungwi katika maeneo 84, na mapema mwaka 2019 watu wakapewa vyandarua vya namna nne. Namna ya kwanza ilikuwa ya pairethroidi peke yake, kama ya zamani. Nyingine tatu zilikuwa na kitu cha pili pamoja na pairethroidi. Baada ya miaka miwili watoto wa umri wa miezi sita hata miaka kumi na minne walipimwa. Katika maeneo ya chandarua cha zamani walikutwa na malaria asilimia 45.8. Katika maeneo ya chandarua chenye klofenapiri walikuwa asilimia 25.6, na namna mbili nyingine zilikuwa katikati. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2022, na mwezi wa Machi mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likashauri chandarua cha klofenapiri kitumike. Leo mtoto wa nchi ya mbali hulala salama zaidi kwa sababu ya watoto wa Misungwi waliotoa kidole kichomwe. Naona fahari. Hata hivyo msomaji aitazame vizuri hesabu yenyewe: chini ya chandarua kilicho bora kupita vyote, mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa bado na malaria. Tena wavu hutoboka. Kufika mwaka wa tatu wa jaribio vyandarua vingi vilikuwa vimechakaa au havitumiki.

Watu husema kwa dhihaka kwamba wavuvi wa ziwa huanika dagaa juu ya vyandarua. Ni kweli, watafiti waliyaandika hayo mwaka 2008 juu ya vijiji vya mwambao wa Kenya, na katika mialo ya upande wetu nimeyaona kwa macho yangu. Dagaa aliyeanikwa mchangani huuzwa bei ya chini, na aliyeanikwa juu ya wavu hutoka safi. Mwanamke wa mwaloni huijua bei hiyo kesho asubuhi, lakini malaria asiyoipata haimletei fedha mkononi. Mumewe naye huvua usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, kwa karabai au taa za jua. Jioni huiketi nje akitengeneza nyavu, na alfajiri huwa nje akipakua. Chandarua kimeshonwa kwa ajili ya mtu anayelala ndani saa tatu usiku. Mvuvi, mlinzi, mama muuza chakula wa mwaloni na kijana anayetazama mpira kwenye banda si mtu huyo.

Wala sijapata kuona chandarua katika matanga. Baba alipofariki mwaka 2014 mimi nilikuwa mwana mkubwa, na mahali pangu palikuwa nje, kando ya moto, kuwapokea watu. Katika mfuko wa koti nilikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya kufukuza mbu niliyoinunua mjini. Usiku wa kwanza niliishika chupa ile mfukoni mara nyingi, nikaona haya kuitoa. Wazee walikuwa wamekaa na miguu mitupu kwa heshima ya baba yangu. Nami nijipake manukato mbele yao, kana kwamba nimekuja kujihifadhi na si kuomboleza? Nilikuwa mwalimu kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimewafundisha mamia ya watoto chupa mbili za viluwiluwi. Nikaiacha chupa mfukoni. Karibu na alfajiri nilisimama, nikazunguka nyuma ya nyumba. Vyura walikuwa wakilia shimoni, na juu ya maji palikuwa na ukungu mwembamba. Nilivuta hatua kutoka ukingoni hata mkeka wangu: zilikuwa kumi na tisa. Shimo lilikuwa limesogea.

Sasa nakaa Mwanza mjini, chini ya kilima kimoja ambacho nyumba zake zimepandiana juu ya majabali kama mbuzi. Mjini malaria ni chache kuliko vijijini, na mtu aweza kupita mwaka bila kuugua. Maji ya mbu yapo bado: bustani za mboga kando ya mto Mirongo, misingi ya nyumba ambazo wenyewe wameishiwa fedha, mashimo ya kokoto. Lakini mjini maji hayo aweza mtu kuyahesabu, na maji yanayohesabika yaweza kutiwa dawa. Dar es Salaam ilianza kuyatia dawa mwaka 2006, na mwaka 2015 kiwanda cha dawa ya viluwiluwi kilifunguliwa Kibaha kwa utaalamu wa Wakuba. Dawa hiyo ni bakteria wanaowaua viluwiluwi pasipo kumdhuru mtu wala ng'ombe. Naikubali kazi hii mjini. Kijijini, wakati wa masika, ni nani atakayefuata kila ukwato?

Mwezi wa Desemba uliopita nilikwenda kijijini. Nilimkuta mtoto wa ndugu yangu anachimba. Ameoa, ana mtoto wa miezi saba, naye hataki kuishi katika nyumba ya babu yake maisha yote. Alinikaribisha ndani kwanza. Chandarua kipya kilikuwa kimefungwa vizuri juu ya kitanda, nacho kilikuwa cha namna mpya. Kisha alinipeleka kuniona kazi yake. Alikuwa ameanza shimo la pili upande wa bondeni, na matofali mabichi mia tatu yalikuwa yamepangwa chini ya majani makavu.

"Baba mkubwa," aliniambia, "hili nimelisogeza. Ni hatua mia mbili kutoka nyumbani. Zatosha?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mbu huweza kuruka zaidi ya kilometa moja. Alichomeka jembe ardhini, akajifuta uso, akatazama bonde kwa kitambo.

"Basi nijengee nini?"

Nilikuwa nimelifikiri jambo hili njiani. Nilimwambia kwamba nitamnunulia matofali ya saruji kutoka mjini, lori zima, ayalipe polepole au asiyalipe. Alinishukuru. Alikuwa na furaha, kwa kuwa nyumba ya saruji ni nyumba hasa. Halafu, alipokuwa akiliokota jembe lake, aliniuliza mchanga wa matofali hayo huchimbwa wapi.

Nilimtajia mto. Unapita kwao mkewe.